Maisha ya John Wesley, Mtu wa Madarasa Madogo

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari za mtu mmoja mashuhuri wa zamani, ambaye maisha yake yaweza kutufaa sisi tuliokwisha kutoka shuleni, na ninyi vijana mlio bado madarasani. Nimemchagua John Wesley, kasisi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1703 na kufariki mwaka 1791. Wengi wetu twalijua jina lake kwa sababu ya Kanisa la Methodisti, ambalo hapa Kenya lilianzia Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, wakati Thomas Wakefield alipofika pwani akifuatana na Krapf. Lakini sikumchagua ili nilisifu kanisa moja na kuyaacha mengine. Nimemchagua kwa kuwa alifahamu jambo ambalo sisi wanafunzi wa zamani tumelisahau, nalo ni kwamba mtu hawezi kushika njia njema akiwa peke yake, na kwamba kumshauri mwenzako si kazi ya siku ya arusi na ya matanga tu, bali ni kazi ya kila juma. Sababu yangu hasa nitaieleza mwishoni.

Malezi yake

Wesley alizaliwa katika kijiji cha Epworth. Baba yake, Samuel, alikuwa kasisi wa kijiji hicho, mtu msomi sana lakini asiyejua kupanga fedha zake, hata aliwahi kufungwa gerezani kwa sababu ya deni. Mama yake, Susanna, alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walifariki wangali wachanga.

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba yao ilishika moto. Watu wote wakakimbilia nje, na walipohesabiana wakaona kwamba John, mwenye umri wa miaka mitano, amebaki orofani. Baba alijaribu kupanda ngazi akashindwa kwa sababu ya ndimi za moto. Mtoto akajipandia juu ya sanduku akasimama dirishani. Hapakuwa na wakati wa kutafuta ngazi ya nje, basi mtu mmoja akasimama juu ya mabega ya mwenziwe, akamchukua mtoto, na mara paa likaanguka ndani. Tangu siku ile mama yake aliamini kwamba Mungu amemwokoa kijana huyu kwa kusudi, naye akaazimia kuyaangalia maisha yake kwa makini zaidi.

Susanna alikuwa na desturi moja ambayo wazazi wa leo tungefaa kuiga. Ijapokuwa nyumba ilijaa watoto na kazi, alimtengea kila mtoto jioni moja katika juma, akaketi naye faraghani, akamwuliza habari za moyo wake. Zamu ya John ilikuwa Alhamisi. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Oxford, alimwandikia mama yake barua kumwomba amtengee tena sehemu ndogo ya jioni ya Alhamisi, walau katika fikira na sala. Mtu mzima, mwenye shahada na cheo, alikuwa bado anaikumbuka saa ile. Asiyefunzwa na mamaye, wahenga walisema, hufunzwa na ulimwengu; Wesley alifunzwa na wote wawili, kama tutakavyoona.

Oxford na kipimo cha fedha

Aliingia Oxford mwaka 1720, akawa mwalimu wa chuo mwaka 1726, na mwaka 1728 akapata ukasisi kamili. Kuanzia mwaka 1729 aliongoza kikundi kidogo cha wanafunzi ambacho mdogo wake, Charles, alikuwa amekianzisha. Walisoma pamoja, wakafunga, wakaomba kwa saa maalum, wakawatembelea wafungwa gerezani na kuwasaidia maskini. Wenzao waliwacheka na kuwabandika majina ya mzaha, na mojawapo lilikuwa Wamethodisti, yaani watu wa utaratibu. Kama ilivyo kawaida ya majina ya shuleni, lile la mzaha ndilo lililodumu.

Hapa kuna jambo ambalo sisi tunaopokea mshahara kila mwisho wa mwezi yatupasa kulitafakari. Mwaka mmoja Wesley alipata pauni 30. Akatumia 28 kwa mahitaji yake na kutoa sadaka 2. Mwaka uliofuata alipata 60. Akatumia zile zile 28 na kutoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90, akatoa 62. Wa nne alipata 120, akatoa 92. Mapato yalipanda mara nne, lakini matumizi hayakusogea. Nami nikikumbuka jinsi kila nyongeza ya mshahara wangu ilivyoleta pamoja nayo hitaji jipya ambalo sikuwa nalo jana, huona haya.

Kushindwa kwake Marekani

Vijana wasidhani kwamba mtu huyu alikuwa malaika. Mwaka 1735 alisafiri kwenda koloni ya Georgia, Marekani, akitumaini kuwahubiria wenyeji wa nchi ile na kuwachunga walowezi. Baharini ilipiga dhoruba kali, maji yakaingia merikebuni, na Wesley akagundua kwamba anaogopa kufa. Lakini walikuwamo Wajerumani wa kanisa la Moravia, wanaume, wanawake na watoto, ambao waliendelea na nyimbo zao za ibada bila kutetemeka. Jambo lile lilimkaa moyoni.

Huko Georgia mambo yalimharibikia. Alimpenda binti mmoja, Sophy Hopkey, lakini akasitasita kumposa hata binti akaolewa na mtu mwingine. Kisha Wesley akamzuia yule mama kushiriki Meza ya Bwana. Huenda aliona kwamba anafuata kanuni za kanisa, lakini watu waliona kisasi cha mpenzi aliyekosa. Mashtaka yakafunguliwa, na Desemba 1737 akaondoka usiku kurudi kwao. Msomi wa Oxford aliyekwenda kuwaongoa wengine alirejea akijiuliza kama yeye mwenyewe ameongoka.

Wakati huo yeye aliyezoea kushauri alihitaji kushauriwa. Akakutana na kijana wa Kimoravia, Peter Böhler, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa umri wa miaka tisa. Wesley alitaka kuacha kuhubiri kwa kuwa aliona hana imani. Böhler alimshauri asiache, bali aendelee kuihubiri imani mpaka aipate, na baada ya kuipata aihubiri kwa sababu anayo. Tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo mtaani Aldersgate, London, wakati mtu mmoja akisoma maneno ya Martin Luther juu ya Waraka kwa Warumi, Wesley alihisi moyo wake umepata joto la ajabu, akajua kwamba dhambi zake zimesamehewa. Jambo hili halikutokea katika kanisa kuu wala mbele ya umati. Lilitokea katika chumba cha watu wachache waliokutana kusikilizana.

Deni lililozaa madarasa

Mwaka uliofuata rafiki yake, George Whitefield, alimwita Bristol awahubirie watu uwanjani. Wesley alikuwa mtu wa taratibu, naye alikaribia kuamini kwamba kumwokoa mtu nje ya jengo la kanisa ni kosa. Hata hivyo tarehe 2 Aprili 1739 alisimama mahali pa wazi akahubiri. Wachimba makaa wa Kingswood, watu ambao makasisi wengi hawakuwajali, walimsikiliza kwa maelfu. Tangu hapo hakurudi nyuma. Kwa muda wa miaka zaidi ya 50 alisafiri, kwanza juu ya farasi na uzeeni kwa gari la farasi, na safari zake zinakadiriwa kuwa maili 250,000, na hotuba zake 40,000.

Lakini wahubiri hodari walikuwa wengi zama zile. Kilichomtofautisha Wesley na wengine kilitokana na jambo dogo sana, nalo ni deni la jengo.

Huko Bristol walikuwa wamejenga nyumba ya mikutano, nayo ilikuwa ingali inadaiwa. Tarehe 15 Februari 1742 wakakutana kushauriana jinsi ya kulilipa deni. Nahodha mmoja aliyeitwa Foy akatoa shauri kwamba kila mwanachama atoe peni moja kwa juma. Mwingine akapinga, akasema wengi ni maskini hawana hata hiyo peni. Ndipo Foy akajibu kwamba apewe yeye watu 11 walio maskini kupita wote. Atakwenda kwa kila mmoja kila juma, na asiye na kitu atamlipia mwenyewe. Akawahimiza wengine wafanye vivyo hivyo.

Basi viongozi wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kukusanya peni. Na huko nyumbani walikuta mambo ambayo hayaonekani kanisani siku ya Jumapili. Huyu ameanza kulewa. Yule amegombana na mkewe. Mwingine ni mgonjwa na hakuna aliyejua. Wakamletea Wesley habari hizo, naye akatambua mara moja kwamba hiki ndicho alichokuwa akikitafuta siku nyingi. Waliondoka kukusanya fedha wakakuta roho za watu.

Baadaye wakaona ni vyema wale 12 wakutane mahali pamoja mara moja kwa juma, maana wengine walikuwa watumishi, na mabwana wao hawakutaka wageni nyumbani. Vikundi hivyo viliitwa madarasa. Havikuwa vya vitabu. Kiongozi alieleza kwanza hali yake mwenyewe, kisha akamwuliza kila mmoja amekuwaje tangu walipoonana: majaribu yake, deni lake, hasira yake, matumaini yake. Aliyehuzunika alifarijiwa, aliyekosa alionywa, aliyepungukiwa alisaidiwa, kisha wakaomba pamoja. Viongozi wengi walikuwa mafundi viatu, wafumaji na watumishi, tena wengi walikuwa wanawake, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule.

Nidhamu ilikuwa kali. Mwaka 1743 Wesley alikagua chama cha Newcastle akataja watu 64 waliotolewa, pamoja na sababu za kila fungu. Waliotolewa kwa ulevi walikuwa 17, kwa uongo wa kila siku 3, kwa kumpiga mke 1, kwa uvivu 1, na kwa wepesi wa tabia na kutojali 29. Mtu akisoma orodha ile ataona kwamba kwa Wesley ufuasi wa Kristo ulionekana jikoni, sokoni na kazini, na kwamba waliopotea kwa kutojali walikuwa wengi kuliko waliopotea kwa ulevi.

Wala ushauri wake haukuishia maneno. Mwaka 1746 alizunguka London akakusanya yapata pauni 50, akazifanya mfuko wa mikopo. Mhitaji aliweza kukopeshwa hadi shilingi 20, naye akazirudisha kidogo kidogo katika miezi mitatu. Kwa fedha hizo ndogo watu 250 walisaidiwa katika muda wa mwaka mmoja. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka huo huo alianzisha zahanati ya kuwapa maskini dawa bure, na mwaka 1747 akachapisha kitabu cha tiba za nyumbani kwa ajili ya wasioweza kumlipa daktari. Baadhi ya dawa zake leo zingemchekesha mwuguzi, lakini nia yake haichekeshi.

Mganga hajigangi

Hapana budi niseme pia habari za ndoa yake, kwani kuficha makosa ya wakubwa ni kuwadanganya wadogo. Mwaka 1749 mwanamke aliyetaka kumwoa, Grace Murray, aliolewa na mhubiri mwenzake, na Charles ndugu yake alihusika katika kuuvunja mpango ule. Mwaka 1751 Wesley aliteleza penye barafu katika London Bridge, akauguzwa nyumbani kwa mjane Mary Vazeille, na kabla ya mwezi kwisha wakaoana.

Ndoa ile haikuwa na raha. Yeye hakutaka kupunguza safari hata kidogo. Mkewe alijaribu kufuatana naye akachoka. Akabaki nyumbani akifungua barua za mumewe, akakuta ameandikia wanawake wengine maneno ya ushauri wa kiroho yenye upole na uwazi mwingi, ambayo mke yeyote angeyapenda yaandikwe kwake. Wivu ukawa moto. Mkewe alimwacha mara kadhaa, na alipofariki mwaka 1781 Wesley alipata habari baada ya maziko kwisha.

Wanaomtetea humlaumu mke. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyewaandikia maelfu akiwauliza hali zao, hakupata jioni moja katika juma ya kumwuliza aliyekuwa nyumbani kwake, kama mama yake alivyomfanyia yeye. Nasi tulio na madaraka, ambao wageni hutupongeza kwa busara na watoto wetu hutuona tukitoka alfajiri na kurudi usiku, tusiisome habari hii haraka haraka.

Uzee na kufa kwake

Mwaka 1776 maofisa wa kodi walimtaka aorodheshe vyombo vyake vya fedha, wakidhani mtu mashuhuri kama yeye anavyo vingi. Akawajibu kwamba anavyo vijiko viwili London na viwili Bristol, na kwamba hataongeza vingine maadamu wamzungukao wanakosa chakula. Januari 1785, akiwa na miaka 81, alitembea kwa miguu siku tano katika barabara za London zilizojaa theluji iliyoyeyuka, akaomba pauni 200 za kuwanunulia maskini mavazi, hata akaugua kwa sababu ya baridi ile.

Mwaka 1774 alikuwa ameandika kitabu cha kuupinga utumwa, na barua inayojulikana kuwa ya mwisho, ya tarehe 24 Februari 1791, alimwandikia mbunge William Wilberforce kumtia moyo asichoke kupigana na biashara hiyo. Alifariki tarehe 2 Machi 1791, mwenye miaka 87. Aliagiza mwili wake usichukuliwe kwa gari la fahari, bali ubebwe na maskini sita, na kila mmoja alipwe shilingi 20. Aliacha fedha kidogo, na watu zaidi ya 70,000 katika vyama vyake Uingereza na Ireland, kila mmoja akiwa na mtu aliyelijua jina lake na kumwuliza hali yake.

Kwa nini nimeyaandika haya

Ndugu zangu, kulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye sitamtaja. Bwenini ndiye aliyetuamsha asubuhi, na hesabu alitufundisha wengi zaidi kuliko vitabu. Alipata kazi nzuri, kisha akaipoteza, akaingia katika pombe na madeni. Mimi nilikutana naye mjini mara mbili. Mara zote mbili aliniomba fedha kidogo, nikampa, nikaenda zangu kwa kuwa nilichelewa mkutano. Sikumwuliza lolote. Habari ya tatu niliyopata ilikuwa ya kifo chake.

Kamati ya mazishi ilikusanya fedha nyingi kwa siku nne, kuliko zote alizowahi kutuomba. Tulikwenda kwao kwa magari mengi. Mama yake alitushukuru, akatuuliza kwa upole kama tulijua kwamba mwanawe alikuwa mgonjwa mwaka mzima. Hakuna aliyejua. Orodha ya michango tulikuwa nayo, na jina lake lilikuwamo, limeandikiwa kwamba hajalipa miaka mitatu. Tuliona deni, hatukwenda kutazama sababu yake.

Mwaka huu tunachangia paa jipya la bwalo, na ni kazi njema. Naomba tulifanye kama Nahodha Foy. Orodha ya mweka hazina igawanywe, kila mmoja wetu achukue majina 12, tena yale ya watu waliochelewa kulipa ndiyo yatangulie. Tusiwapigie simu tu kudai mchango. Twende tuwaone, tuketi, tuulizane hali, na asiye na kitu alipiwe. Wakristo tutaomba pamoja, na wenzetu Waislamu, ambao shule hii iliwalea sawasawa nasi, wanajua vyema haki ya ndugu kutembelewa.

Nanyi vijana mlio bado shuleni, msingoje kuwa wanafunzi wa zamani. Wale mnaolala nao chumba kimoja ndio darasa lenu la kwanza. Mwenzenu akinyamaza siku tatu, mwulizeni.

Mimi nimekwisha kuchukua majina yangu 12. Siku ya mkutano wetu nitakuwa mlangoni na orodha iliyobaki.